Kozi ya hiari mwaka wa tatu wa biolojia: kwa nini ningechukua tena yenye maabara

Ndugu, umeeleza kwamba unaingia mwaka wa tatu wa shahada ya biolojia, una nafasi ya kozi moja ya hiari, na unasita kati ya biolojia ya molekuli, yenye maabara ya saa tatu kila wiki, na kozi nyingine ya mihadhara mitupu. Waliotangulia kujibu wamekushauri uchukue ya mihadhara ili kulinda wastani wako wa alama, na sina neno nao, kwa sababu maabara ilinishusha daraja muhula ule. Hata hivyo, ningerudishwa nyuma leo ningeichukua tena.

Kazi yetu ya muhula ilikuwa kutambua mbu. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, spishi mbili za mbu waenezao malaria, wamefanana kiasi kwamba hata ukiwaweka chini ya hadubini nzuri huwezi kuwatenganisha, ilhali tabia zao ni tofauti: yule wa kwanza humfuata zaidi binadamu ndani ya nyumba, na huyu wa pili huuma hata nje na hutosheka na damu ya ng'ombe, kwa hiyo chandarua hakiwadhibiti kwa kiwango kimoja. Kinachowatenganisha ni DNA. Kipimo kinachotumika sana cha PCR, yaani njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, kilichapishwa mwaka 1993; hutoa kipande chenye urefu wa jozi 390 za besi (viungo vya DNA) kwa gambiae na cha jozi 315 kwa arabiensis, na mguu mmoja wa mbu unatosha kukifanya. Mhadharani jambo hili lilichukua dakika chache, nasi tukatoka tukiamini tumelielewa.

Maabarani lilituchukua wiki nne. Ya kwanza yote ilikwisha katika kushika pipeti, kifaa cha kunyonya na kupima kiasi kidogo cha kimiminika: kunyonya maji, kuyapima kwenye mizani, na kuona kama mikrolita 100 zinatoa kweli gramu 0.1. Wengi wetu tulikuwa tunabonyeza kitufe chake kwa kidole gumba kupita kizuizi cha kwanza kabla ya kunyonya, na hivyo kuchukua maji mengi kuliko tuliyokusudia, bila kujua mpaka mizani ilipotuambia.

Wiki ya tatu tuliweka chini ya mwanga wa urujuanimno jeli yetu, ambamo vipande vya DNA vya kila sampuli hutengana kwa urefu katika safu yake na kuonekana kama mistari. Tulikuwa na mbu 12, sampuli moja ya gambiae iliyokwisha kuthibitishwa, na kijaribio kimoja chenye maji tu badala ya DNA. Mbu tisa walionyesha mstari wa 390 uking'aa rangi ya chungwa, watatu hawakuonyesha kitu, na tayari mwenzetu mmoja alikuwa ameandika kwamba tisa hao ni gambiae. Mkufunzi aliiweka ncha ya kalamu yake juu ya safu ya maji. Napo palikuwa na mstari wa 390. Hakutugombeza, alituuliza tu ni mbu yupi kati ya wale tuliyekuwa tayari kumwapia. Hatukuwa na hata mmoja.

PCR huzidisha DNA mara mbili katika kila mzunguko, na baada ya mizunguko 30 nakala moja, kwa hesabu, huwa imezaa zaidi ya bilioni moja; kwa hiyo tone lisiloonekana kwa macho linatosha kuharibu kazi ya wiki nzima. Chanzo tulikipata katika daftari la maabara, kwa kuwa mmoja wetu alikuwa na tabia ya kuandika kila hatua palepale anapoitenda: ncha ya pipeti iliyogusa ile sampuli ya gambiae ilikuwa imerudishwa kwenye chupa ya maji ya wote. Tulirudia tukiwa na maji mapya yaliyogawanywa katika vijaribio vidogo. Safari hii safu ya maji ilikuwa tupu, na mbu kumi kati ya 12 wakatoa mstari wa 315. Walikuwa arabiensis. Tulipoitazama upya picha ya jeli ya kwanza, mistari hafifu ya 315 ilikuwemo chini ya ile ya 390, nasi tulikuwa tumeipuuza kwa sababu tulikwisha kuamua tunataka kuona nini. Sijui ni mhadhara gani ungeweza kunifundisha hilo.

Lakini usichukue kozi kwa sababu tu ratiba imeandikwa neno maabara. Ziko ambazo wanafunzi thelathini husimama kuizunguka meza moja kumtazama mtu mmoja akifanya kazi, na hizo hazikupi chochote ambacho picha isingekupa. Kama idara yenu haina mashine ya PCR inayofanya kazi, kozi ya ikolojia ambayo wewe mwenyewe unavuta kamba porini, unahesabu mimea ndani ya fremu ya mita moja ya mraba na kuitetea hesabu yako, ina thamani ileile.

Kuhusu muda, saa tatu za ratiba huwa sita ukijumlisha ripoti na jioni za kurudi kukagua vioteshi (vijidudu vinavyooteshwa maabarani), kwa hiyo usiweke kozi mbili za namna hiyo katika muhula mmoja. Na kabla dirisha la usajili halijafungwa, nenda ukaonane na fundi sanifu wa maabara hiyo. Mwulize kama vitendanishi, yaani kemikali za majaribio, vimeshafika na kila kundi litakuwa na watu wangapi.