Mjomba au Baba Mdogo? Undugu wa Wafalme wa Zama za Kati

Swali: Kitabu kimoja cha historia ya Uingereza kinamwita Thomas wa Lancaster mjomba wa mfalme Edward II. Kingine kinasema ni mjomba wa malkia Isabella. Nifuate kipi?

Fuata cha pili. Blanche wa Artois aliolewa mara mbili. Kwa mume wa kwanza, mfalme Henry wa Navarre, alimzaa Jeanne. Kwa wa pili, Edmund, mdogo wake Edward I, akamzaa Thomas. Jeanne na Thomas basi ni wa tumbo moja. Jeanne akaolewa na Philip IV wa Ufaransa, na binti yao ndiye Isabella. Kwa Isabella, Thomas ni mjomba hasa. Kwa mumewe, Edward II, ni mtoto wa baba mdogo.

Kiingereza kina neno moja, uncle, kwa mjomba, baba mkubwa, baba mdogo na hata mume wa shangazi. Mfasiri akikutana nalo huandika "mjomba" bila kuuliza ni ndugu wa mama au wa baba. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, maana lugha yetu ina maneno yote hayo tayari. Tarehe 22 Machi 1322 Edward aliamuru Thomas akatwe kichwa huko Pontefract, kwenye ngome ya Thomas mwenyewe. Ukikosea undugu hapa, unasahau kwamba aliyefiwa na mjomba siku ile ni mke wa mfalme, na kwamba miaka minne baadaye mke huyohuyo alirudi kutoka Ufaransa na jeshi la kumng'oa mumewe.

Swali: Kuna filamu inayoonyesha kwamba baba halisi wa Edward III ni Mskoti William Wallace. Ina ukweli?

Hata chembe. Wallace aliuawa London tarehe 23 Agosti 1305. Wakati huo Isabella alikuwa mtoto wa miaka kama 10, yuko kwao Ufaransa. Alifunga ndoa na Edward II Januari 1308, na Edward III akazaliwa Windsor tarehe 13 Novemba 1312. Wallace alikuwa amekufa miaka saba iliyopita. Ukirudi nyuma miezi tisa unafika Februari 1312, na mfalme na malkia walikuwa pamoja York.

Wengine humtaja Roger Mortimer, lodi wa Kiingereza, kuwa ndiye baba. Uhusiano wake wa kimapenzi na malkia ulianza Ufaransa karibu na mwaka 1325, na mtoto wa mwisho wa Isabella, Joan, alizaliwa 1321. Mwanamke huyu amesingiziwa vya kutosha. Anayetaka kuandika maisha yake aanze kwa kupanga tarehe.

Swali: Gundrada, aliyezikwa Lewes huko Uingereza, alikuwa binti wa mfalme William Mshindi?

Hapana. Alikuwa dada yake Gerbod wa Flanders, na mume wake ni William de Warenne. Watawa wa Lewes ndio walioshikilia kwamba ni binti wa mfalme.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwa askofu mkuu Anselm. Mfalme Henry I, mwana wa Mshindi, alitaka kumwoza binti yake kwa mwana wa Gundrada. Anselm alikataza, akisema wana undugu wa kizazi cha nne upande mmoja na cha sita upande wa pili. Kama Gundrada angekuwa dada yake Henry, maharusi wangekuwa mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, na Anselm asingehitaji kuhesabu vizazi vya mbali hivyo.

Swali: Na kwetu Pwani, makosa kama haya yapo?

Yapo, na mfano mzuri ni Kilwa. Tarikh ya Kiarabu, yaani kitabu cha habari za kale za Kilwa, inasema aliyetoka Shiraz, Uajemi, akaanzisha utawala wa Kilwa ni Hasan bin Ali, na wanawe sita, kwa majahazi saba. Mreno João de Barros, katika kitabu cha mwaka 1552, anasema ni Ali bin Hasan, aliyedharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa Mhabeshi. Kwa mmoja Ali ni baba, kwa mwingine ni mwana.

Hapa nasikiliza sarafu. Zilizookotwa Kilwa na Mafia zimeandikwa Ali bin al-Hasan, nazo zilitengenezwa kwa jina lake mtawala mwenyewe, ilhali tarikh iliandikwa karne nyingi baadaye. Kwa mpangilio wa jina Barros yuko sahihi. Habari za yule mama Mhabeshi zimo kwake tu, na ndivyo ninavyoziandika kila ninapozitaja: kwa mujibu wa Barros.