Mzee akiogopa kutawadha: maumivu ya mshipa wa uso na kazi halisi ya roboti

Mzee akianza kuogopa maji ya kutawadha, msikimbilie kumng'oa jino. Kusukutua, kupiga mswaki, upepo wa kaskazi juu ya boti ya kwenda Mkoani, Pemba, hata ncha ya khanga ikigusa shavu, vyote vinaweza kuamsha maumivu makali kama shoti ya umeme. Hupiga upande mmoja wa uso, sekunde chache hadi dakika 2, kisha huondoka. Jino bovu haliumi hivyo. Wengine hung'olewa meno mazima mawili matatu na maumivu yakabaki palepale.

Chanzo ni mshipa wa fahamu wa tano kati ya jozi 12 zinazotoka kichwani. Una matawi matatu: la paji na jicho, la shavu na taya ya juu, na la taya ya chini. Mara nyingi mshipa wa damu umeulalia pale unapoanzia, ganda lake likachubuka. Kipimo cha MRI ndicho huonesha hilo, na huonesha pia kama kuna uvimbe.

Dawa hutangulia. Karbamazepini kwa mzee huanza na miligramu 100 mara moja au mbili kwa siku, daktari akipandisha taratibu. Familia nyingi huikataa zikisoma kwamba ni ya kifafa. Msiikatae kwa hilo. Cha kuangalia ni kizunguzungu kinachomwangusha akienda chooni usiku, na kushuka kwa chumvi ya sodiamu kwenye damu, ambako humfanya achanganyikiwe. Ombeni kipimo cha damu katika wiki za mwanzo. Akitoka vipele, muoneni daktari siku hiyohiyo. Mtajieni dawa zake zote, hasa za presha na za kuyeyusha damu. Dawa hii haikatizwi ghafla, kwa hiyo mlio Pemba wekeni akiba ya wiki mbili.

Dawa ikishindwa au ikimlevya mno, kuna kufungua fuvu na kuutenganisha mshipa wa damu na wa fahamu. Nafuu yake hudumu kuliko njia nyingine, ila moyo na mapafu ya mzee huenda visihimili. Ndipo huja njia ya sindano, na hapo ndipo roboti huingia.

Sindano huingia shavuni, sentimita 2.5 hadi 3 pembeni ya kona ya mdomo, kufuata kitundu cha milimita chache kwenye sakafu ya fuvu, kinachopitisha tawi la mshipa huo wa fahamu. Kwanza hupigwa picha za CT zenye vipande vyembamba vya milimita 1. Daktari huchora njia kwenye kompyuta, kichwa hufungwa kisitikisike, halafu mashine hulinganisha picha na uso. Mkono wa roboti hujipanga kwenye njia hiyo na kutulia. Anayesukuma sindano ni daktari. Faida yake ni kupunguza kuchomachoma, maana sindano ikipotoka inaweza kugusa mshipa mkubwa wa damu, na ikitoboa ndani ya mdomo huingiza vijidudu.

Roboti hukosea pale kichwa kinaposogea baada ya ulinganisho, au sura inapobadilika. Meno ya bandia yatolewe kabla ya picha na yasirudishwe hadi kazi iishe: chuma chake huchafua picha, na shavu lenye meno si lile lisilo nayo.

Sindano ikifika, kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni joto la ncha ya sindano kuuunguza mshipa wa fahamu, nyuzi 60 hadi 75 kwa sekunde 60 hadi 90, na mgonjwa huamshwa kidogo aseme anasikia wapi. Mzee mwenye kusahau, au asiyesikia vizuri, hawezi kujibu sawasawa. Kwake tunapendelea njia ya pili, puto: analala kabisa, puto dogo hupitishwa ndani ya sindano na kujazwa mililita 0.5 hadi 1 likawa na umbo la peasi, likabana mshipa wa fahamu dakika 1 hadi 2. Mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla wakati huo, hivyo atropini, dawa ya kuyapandisha, iwe tayari mkononi.

Njia zote mbili huacha ganzi, na taya inaweza kulegea kwa wiki kadhaa. Mpeni uji na vyakula laini, chai ipoe kwanza, atafune upande wa pili. Homa na shingo kukakamaa ni za kurudi hospitali usiku huohuo. Maumivu yanaweza kurudi baada ya miaka, na sindano inaweza kurudiwa.

Anzeni hospitali ya karibu, mwombe rufaa ya kwenda kwa madaktari wa upasuaji wa ubongo hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Popote mtakapopelekwa, iwe Dar es Salaam au India, muulizeni daktari ameshafanya sindano hizi kwa wagonjwa wangapi kabla ya kuuliza kama wana roboti. Akisharudi nyumbani, mwangalieni jicho la upande ule kila asubuhi kwenye mwanga. Likiwa na ganzi, mchanga huingia na yeye hasikii. Jicho jekundu lisilouma ndilo la kuwahishwa.