Usigawe kilomita kwa 900, utalia JFK, uwanja wa ndege wa New York

Wewe uliyeandika kwamba umepima Nairobi hadi New York ukapata kilomita 11,800 na ushee, ukagawa kwa 900, mwendo wa ndege kwa saa, ukapata masaa 13, sasa unataka kuunganisha na ndege ya Minneapolis, hukohuko Marekani, ya asubuhi hiyohiyo kwa tiketi ya pembeni. ACHA. Weka simu chini kwanza.

Hesabu hiyo niliifanya mimi, neno kwa neno. Jamaa wa tiketi niliyempigia alinihakikishia "kaka ni masaa 13 tu, unalala unaamka umefika", na mimi nikamwamini kwa vile anaongea kama aliyeenda, kumbe hata pasipoti sidhani kama anayo. Nikapiga: naondoka saa tano na nusu usiku, jumlisha 13, toa 8 za tofauti ya saa, natua saa kumi na nusu alfajiri ya kwao. Nikaona nina muda hadi wa kunywa chai, nikakata ya Minneapolis ya saa mbili kasoro kumi, ilikuwa bei chee, nikalipa kabla hata tiketi kubwa ya Nairobi–New York haijatoka.

Ndege ikatua saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kwenda huko ni masaa kama 15, kurudi ndiyo 14, maana kule juu upepo unavuma toka magharibi kwenda mashariki, ukienda Marekani unakupiga usoni na miezi ya baridi ndo unakuwa mkali zaidi, na wewe unasafiri Januari! Zile kilomita ni za mstari mfupi kabisa juu ya tufe, rubani hapiti humo kama reli, halafu kuna kuzunguka uwanjani kabla ya kupaa na kusubiri zamu, hayo yote kwenye 900 yako hayamo.

Bado uhamiaji. Foleni imejikunja kama utumbo. Halafu begi lazima ulichukue mwenyewe hapohapo upite nalo forodha, na tiketi zikiwa mbili tofauti kulifikisha Minneapolis ni juu yako, basi nikasimama pale kwenye mkanda nikisubiri sanduku nililofunga kamba ya manila, saa ya ukutani inasoma 8:05, yaani saa mbili na dakika tano asubuhi, na ndege yangu ishaondoka, afisa ananiuliza nimebeba chakula gani nami nataja dagaa kwa sauti ya msiba. Tiketi mpya dola 340. Shemeji alinisubiri Minneapolis mpaka akaenda kazini, hadi leo ananiita Profesa wa Kilomita.

Kwa hiyo kilomita waachie watoto wa jografia. Wewe soma saa ya kutua iliyoandikwa kwenye tiketi, ile ni saa ya hukohuko, usijumlishe wala kutoa kitu, na Minneapolis iwe kwenye tiketi hiyohiyo moja, wakikuchelewesha ni juu yao kukutafutia nyingine. Itazidi kidogo bei, lipa.

Hiyo ya asubuhi hujailipia bado, sio? Nijibu.