Andika neno pale pale ulipo mchoro

Kwa miaka mingi ya kufundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Tanga, niliamini kwamba mwanafunzi aliyeshindwa kuelewa saketi ya umeme alikuwa hakusikiliza. Nilichora saketi upande wa kushoto wa ubao, nikaipa herufi A hadi F, kisha nikaorodhesha maana ya kila herufi upande wa kulia, tena kwa Kiingereza, ingawa wanafunzi hao wa Kidato cha Pili walikuwa wamesoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili. Siku moja mwalimu mwenzangu alifundisha kwa kutumia mchoro wangu huo huo, nami nikaketi dawati la nyuma. Niliona macho yakitoka kwenye mchoro kwenda kwenye orodha, yakirudi, na njiani mtoto amekwisha kusahau ni herufi gani aliyokuwa akiitafuta. Niliumia sana, kwa sababu wale watoto walikuwa wakijitahidi.

John Sweller, mtaalamu wa saikolojia ya elimu nchini Australia, alieleza jambo hili katika miaka ya 1980 kwa nadharia ya mzigo wa utambuzi, yaani mzigo ambao akili hubeba inapojifunza. Kumbukumbu tendaji, yaani ile tunayoitumia kushughulikia jambo jipya, ni finyu mno: mwanasaikolojia George Miller aliikadiria mwaka 1956 kuwa hubeba takriban vitu 7, na mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, mwaka 2001, akashusha makadirio hadi vitu 4 hivi. Ugumu wa somo lenyewe huchukua sehemu ya nafasi hiyo. Mpangilio mbaya wa somo huchukua nyingine, na hiyo ndiyo iliyo mikononi mwa mwalimu.

Kwa hiyo nakushauri, unapoandaa andalio la somo, futa herufi na uandike jina la kifaa kando ya kifaa chenyewe. Dhana ieleze kwanza kwa maneno ambayo mwanafunzi anayajua, ndipo umpe istilahi ya Kiingereza. Na ukionyesha maandishi kwa projekta, usiyasome neno kwa neno, kwa kuwa anayesoma na kusikiliza maneno yale yale hufanya kazi mara mbili.

Jambo lililonisaidia zaidi ni mifano iliyokokotolewa, yaani maswali yaliyokwisha kujibiwa hatua kwa hatua. Mwaka 1985 Sweller na Graham Cooper walionyesha katika aljebra kwamba wanaoanza hujifunza haraka zaidi kwa kuchunguza mifano hiyo kuliko kwa kuachiwa maswali tu. Katika kanuni ya Ohm (volti ukigawanya kwa ukinzani unapata mkondo), mimi hukokotoa mfano mzima: volti 6, ukinzani wa omu 3, mkondo wa ampea 2. Mfano wa pili nauachia hatua ya mwisho waikamilishe wenyewe, na zoezi hufuata baadaye.

Lakini mwanafunzi aliyekwisha kuelewa usimlazimishe kupitia mifano hiyo, kwani kwake inageuka kuwa mzigo. Huyo mpe zoezi moja kwa moja, tena gumu.