Maswali na Majibu: Mahandaki ya Uswisi na Hofu ya Vita vya Nyuklia

Swali: Ninaishi Zürich. Chini ya jengo letu, tunakowekea baiskeli, kuna mlango mnene wa zege. Ni wa nini?

Jibu: Hapo ni handaki la kujikinga na vita vya nyuklia. Tangu mwaka 1963 sheria ilimtaka kila aliyejenga nyumba aweke chini yake chumba cha zege chenye mtambo wa hewa na chujio, na asiyeweza alipe mchango wa kujengea mahandaki ya umma. Kila mtu alitengewa mita moja ya mraba, na mtambo huo una mkono wa kuzungusha iwapo umeme utakatika. Leo zipo nafasi karibu milioni 9, zinazowatosha takriban wakazi wote, wakiwamo wageni kama wewe.

Swali: Chumba hicho kingefaa nini mbele ya bomu la atomiki?

Jibu: Kwa aliye chini kabisa ya bomu, kisingefaa kitu, na ni haki watu waambiwe hivyo waziwazi. Kilikusudiwa walio mbali, ambao hatari yao kubwa ni vumbi lenye mionzi linalopeperushwa na upepo. Nguvu ya mionzi hiyo hushuka upesi: kila muda unapoongezeka mara 7, hubaki takriban sehemu moja ya kumi, hivi kwamba baada ya siku mbili huwa imebaki kama sehemu moja ya mia ya ile ya saa ya kwanza. Anayeweza kukaa ndani siku hizo za mwanzo, akiwa na chakula na maji, amejiongezea sana nafasi ya kupona.

Swali: Je, mpango huo uliwahi kujaribiwa?

Jibu: Ndiyo. Mjini Lucerne, mahandaki mawili ya kupitishia magari ya barabara kuu ya Sonnenberg yaliandaliwa mwaka 1976 yawahifadhi watu 20,000. Katika zoezi la mwaka 1987, mlango mmojawapo, wenye unene wa mita moja na nusu, haukufunga sawasawa. Mwaka 2006 nafasi zilipunguzwa hadi 2,000. Kwa maoni yangu, handaki dogo ambalo majirani wanajuana lina maana kuliko umati huo.

Swali: Serikali nyingine zilifanya nini?

Jibu: Marekani ilijenga kwa siri handaki la wabunge chini ya hoteli ya Greenbrier, West Virginia, na siri hiyo ilifichuliwa na gazeti mwaka 1992. Uingereza iliwaandalia maofisa wake 4,000 makao chini ya ardhi huko Corsham, huku raia wakiuziwa, mwaka 1980, kijitabu kilichowafundisha kuegemeza milango ukutani na kujificha nyuma yake. Tofauti hiyo kati ya mkubwa na mdogo inanisikitisha, na ndiyo sababu naiheshimu sheria ya Uswisi.

Swali: Waswisi wote waliridhika?

Jibu: Hapana. Mwaka 1969 serikali ilipeleka katika kila nyumba kitabu chekundu cha ulinzi wa raia, ambacho kiliwatilia shaka wasomi na wapinga vita, na waandishi wengi walikasirika kwa haki. Mwaka 2011 wabunge walikaribia kuufuta wajibu wa kujenga mahandaki, lakini baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, waliubakisha.