Kiduha cha Tororo ni wa familia ipi?

Dada, umeuliza kwa nini kiduha (gugu linalonyonya mizizi ya mazao) ulichokuta kwenye mtama huko Tororo, Striga hermonthica, hebaria moja (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) imekiweka kwenye familia ya Scrophulariaceae na nyingine Orobanchaceae. Mmea ni uleule. Uchunguzi wa DNA ndio uliokihamishia Orobanchaceae, ila karatasi nyingi za zamani za sampuli bado zina familia ya awali. Ukienda hebaria ya Makerere, tafuta kwa jina la spishi, la familia achana nalo.

Linalonihangaisha mimi ni sampuli yako. Kiduha kikikauka huwa cheusi tii, rangi ya ua haisomeki tena. Andika "waridi" ukiwa bado shambani, pamoja na zao kilikoota, mwinuko na tarehe. Kichimbe taratibu, kitoke na mizizi ya mtama. Na mbegu zake ni vumbi tupu, kwa hiyo kung'uta viatu kabla hujaingia shamba la jirani.