Jibu: tofauti ya "mind" na "brain", na kama "clever" na "wise" ni kitu kimoja

Hapana, maneno haya ya Kiingereza si kitu kimoja: "mind" na "brain" hutofautiana, na "clever" na "wise" vilevile. "Brain" ni ubongo, kiungo kilichomo kichwani. "Mind" ndiyo yenye kazi nyingi, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama: mara ni akili, mara fikra, mara nia. "I changed my mind" ni nimebadili nia. Akili yangu iko palepale. "Do you mind?" haiulizi habari za akili hata kidogo, inauliza kama jambo fulani litakukera. Kwa hiyo usikariri tafsiri moja, jifunze sentensi nzima.

"Clever" ni mwepesi wa kuelewa, lakini wakati mwingine hubeba harufu ya ujanja. "Wise" ni mwenye busara, na hilo ni jambo jingine kabisa: mtu anaweza kuwa clever sana na bado akakosa busara. "Smart" iangalie vizuri. Mmarekani akikuita hivyo kwa kawaida anasifu akili yako, ila Mwingereza huenda anasifu mavazi yako nadhifu.

Na "intelligence" ukiikuta kwenye habari za usalama, mara nyingi ni taarifa za kijasusi.